Milango Sita ya Kabati la Mama

Mama aliuficha upofu wake kwa zaidi ya mwaka mzima. Hakuna aliyejua, hata mdogo wangu wa kike aliyekuwa akiishi naye mtaani Kanyosha. Aliyemfichua ni mimi, binti mkubwa, mwenye kazi ya ofisini na miwani puani. Nilimfichua kwa wema. Nilimbadilishia milango ya kabati la jikoni.

Kabati lenyewe lilichukua ukuta mzima, milango sita. Bati la paa lilitoboka, mvua ikaingia, mbao zikavimba, na huko chini mchwa wakajikaribisha. Milango ilipokataa kabisa kujifunga, Mama aliifungia matambara: moja la kitenge, moja la sweta ya zamani, jingine la neti ya mbu, kila mlango na lake, kila tambara na mafundo yake. Kila Jumapili nikienda kumwona niliona uchafu tu. Nilimtania kwamba jiko lake limekuwa duka la mitumba. Alicheka.

"Acha hivyo, mutoto wangu. Mi nilishazoea."

Kisha mdogo wangu akapata mchumba, na watu wa upande wa mwanaume wakatangaza siku ya kuja kuposa. Siku kama hiyo wanaume hukaa sebuleni na maneno yao matamu, lakini wanawake huingia jikoni kusaidia, na macho yao hayasaidii, yanapekua. Niliyafikiria yale matambara nikaona aibu. Nasema wazi: aibu ilikuwa yangu, Mama hakuwa nayo.

Nikamchukua Mama akae kwangu, mtaa wa Mutanga Nord, siku tatu, nikamwambia apumzike. Alikaa kitini siku zote tatu, nami nikaona amenitii. Huku nyuma nikamleta fundi, mzee mmoja wa mtaa wa Buyenzi anayepima mbao mara tatu kabla ya kugusa msumeno. Aling'oa milango ya zamani, akatengeneza mipya ya tripleksi, zile mbao nyembamba za kubandikwa, akaisugua mpaka ikateleza, akaipaka rangi ya kijani niliyoichagua mwenyewe. Ilijifunga kwa sumaku, bila kelele. Yote sita ilifanana kama mayai.

Alipomaliza alikuwa ameshika yale matambara mkononi.

"Na hizi, mama, tunafanya nini?"

"Tupa, baba."

Aliyageuza. "Iko na mafundo. Hii moja, hii mbili, hii tatu. Mutu hafungi mafundo ya bure."

"Tupa tu," nikasema. Nilikuwa na haraka ya kufagia.

Mama alirudi jioni ya kuamkia siku ya wageni. Alinishika mkono kuanzia kwenye gari hadi mlangoni, nami nikadhani ni uzee, tena nikafurahi kwamba bado ananihitaji. Nikampeleka jikoni moja kwa moja. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale, anatabasamu, anasubiri mama yetu apige vigelegele.

Mama alinyoosha mkono. Kiganja kikapita kwenye mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, taratibu, kama unavyompapasa mtoto usiku kujua kama ana homa. Alifika wa sita akarudi mwanzo. Vidole vilikuwa vinatafuta kitu pale penye vishikio.

"Asante, mutoto wangu," akasema mwishowe. "Ni mizuri sana. Hii rangi nyeupe inapendeza."

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikaitazama milango, kijani kitupu, kama kwamba yenyewe ndiyo iliyokosea. Hakuna aliyejibu, na Mama akaelewa kwa ule ukimya wetu. Akatafuta kiti kwa mguu, akaketi.

"Basi," akasema. "Sasa munajua."

Nililia pale pale mbele yake, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Wazee husema mficha maradhi kilio humfichua. Mama hakungoja kilio cha msiba. Alitosha binti mwenye pesa kidogo na kiherehere kingi.

Wageni walikuja, wakala, wakasifu kabati. Mama alikaa nao sebuleni, mara ya kwanza katika maisha yake chakula kuivishwa nyumbani kwake yeye akiwa ameketi.

Jumatatu nilikwenda Buyenzi. Yule fundi hakuwa ameyatupa. Alikuwa ameyatundika kwenye msumari karibu na msumeno wake. Aliyakung'uta vumbi la mbao, akanipa. Nikampelekea Mama, nikayaweka mapajani mwake. Aliyashika moja moja. "Hii ni muchele. Hii maharagi. Hii ya neti, sukari." Uso wake ulichangamka kidogo.

"Nitayafunga tena, Mama. Leo hii."

"Apana." Aliyakunja, akanirudishia. "Nilikuwa nafunga ili musijue. Na sasa munajua, munaniangalia kila nikisimama. Nitapika namna gani mukiniangalia?"

Nilimwambia hatutamwangalia. Lakini tulimwangalia. Akielekea jikoni mmoja wetu alimfuata, akigusa sufuria tulimnyang'anya kwa upole, mpaka akaacha. Aliishi miezi minane hivyo, mgeni katika nyumba yake mwenyewe, akila chakula cha mikono ya watu.

Mara ya mwisho kumpa sahani mimi mwenyewe yalikuwa maharagwe. Alionja.

"Chumvi ni kidogo."

Akainuka nusu, mkono umetangulia mbele kuelekea kwenye kabati, kama alivyofanya miaka yote. Kisha akakumbuka, akaurudisha mkono mapajani, akaketi.

"Enda weye," akasema. "Weye unaona."

Nikaenda. Nilifungua milango minne kabla ya kuipata chumvi.