Maji ya Kisima, Meno ya Basili

Anyesi alizaliwa Marangu na akaolewa hukohuko. Lakini mumewe, Emilian, alikuwa mtoto wa katikati, hakurithi kihamba, shamba la migomba la ukoo. Azimio la Arusha lilipotangazwa na vijiji vya ujamaa vikaanza, wakateremka tambarare, chini ya Bomang'ombe. Binti yao Dominika alikuwa ameshabadili meno. Basili alizaliwa kule chini, akakua kwa maji ya kisima.

Meno ya utoto ya Basili yalipong'oka, mapya yaliota ya kahawia, kama ya mzee mvuta tumbaku. Emilian alisema mtoto hapigi mswaki. Anyesi akamsugua kwa mkono wake mpaka ufizi ukatoka damu. Rangi ikabaki palepale.

Tangu hapo Anyesi akawa mtu wa kuchungulia vinywa. Kanisani, msibani, kwenye foleni ya duka la ushirika, popote mtu alipocheka. Waliohamia wakiwa wakubwa walikuwa na meno meupe. Watoto waliozaliwa kijijini, kahawia.

"Mama Dominika, mbona unanitazama mdomo hivyo?" jirani yake Eunike alimuuliza.

"Hebu cheka tena," Anyesi akasema.

Mwaka 1978 alikuja mganga wa meno kutoka Moshi, jina lake Wenseslaus. Aliueleza mkutano wa kijiji kwamba maji ya kisima yana madini yaitwayo floraidi, tena yamezidi mno.

Mzee Sirili, mwenyekiti, akainuka. "Daktari, redioni nimesikia wenzetu Ulaya wanayatia hayo madini kwenye maji kwa makusudi, meno yasitoboke. Sisi tumepewa bure na Mungu, nawe unataka tuyakimbie?"

Watu wakaangua kicheko. Wenseslaus naye akacheka.

"Ni kweli, mzee, wapo wanaotia. Na hata huko wanabishana, wengine hawataki kabisa. Lakini wanatia kidogo sana. Ya kwenu yamepita kiasi, na yanaliharibu jino la mtoto likiwa bado ndani ya ufizi."

Anyesi akanyoosha mkono. "Nikichemsha?"

"Maji yatapungua, madini yatabaki."

"Na magadi ninayolainishia maharage ya kiburu cha ndizi?"

Wenseslaus akafikiri. "Hilo ni swali zuri, mama. Nipe kipande nikapime."

"Na mwanangu? Rangi itamtoka menoni?"

"Hapana. Yake yameshakuwa hivyo."

Anyesi aliketi, mkono juu ya tumbo. Alikuwa mjamzito.

Magadi yalipopimwa, nayo yalikutwa na floraidi. Anyesi akaacha kuyatumia, maharage yakawa yanachemka mchana kutwa na Emilian akinung'unika. Maji ya kunywa akawa anayafuata mbali, kwenye mfereji unaoshuka kutoka mlimani, akiyachemsha kuua vijidudu. Ya kisima yakawa ya kufulia. Eunike naye akamuiga baada ya muda. Mzee Sirili hakubadilika. Alisema maji ni maji.

Margareta, mtoto wa mimba ile, alipobadili meno, yalikuwa meupe. Basili, sasa kijana, akamwambia mdogo wake afungue kinywa, akatazama kwa muda.

"Mama, na yangu yangekuwa hivi?"

"Yangekuwa hivyo."

"Kwa nini hukuniletea maji ya mfereji?"

"Sikujua, mwanangu. Nilikuwa bado sijaanza kuangalia meno ya watu."

Basili aliguna. Kisha akauliza hayo madini yalifikaje kisimani, na kwa nini mferejini ni machache. "Tukamuulize daktari," Anyesi akasema. Wiki iliyofuata wakapanda basi pamoja kwenda Moshi, kumtafuta Wenseslaus.