Shafti Niliyoipima Ikiwa na Moto

Alhamisi, 9 Oktoba 1975. Jua kali, upepo wa vumbi toka upande wa reli. Mawingu yalipita bila kutoa kitu. Ndivyo nilivyoandika daftarini. Mengine ya siku ile nayatoa kichwani, na kichwa changu sikiamini sana. Niliishia darasa la sita.

Karakana yetu pale Tabora ilikuwa na jiriwa nane za kubania chuma kwenye meza ndefu, kwa wanafunzi wanane. Lakini tulikuwa wawili tu: mimi na mtani wangu Mzaramo. Mwaka mzima wa kwanza tulipiga tupa tu, kusawazisha kipande cha chuma pande zote, kabla fundi aliyetufundisha hajaturuhusu kugusa mashine ya kukereza. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Mashine inakata haraka. Makosa nayo inayakata haraka."

Siku ile alikuja mama mmoja, katibu wa kijiji cha ujamaa njia ya Ulyankulu, na shafti iliyovunjika, mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine ya kusaga. Wenzake walikuwa wamerudia kinu na mchi wiki ya tatu. Fundi akanipa mimi kazi ya kukereza nyingine.

Nilikereza vizuri, nadhani. Chuma kilitoa nyuzi za buluu, nami nilizitazama kuliko nilivyopaswa. Nilipomaliza nikapima hapo hapo: sawasawa. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, beringi iliyopaswa kuvikwa kwenye shafti kwa kugongwa na nyundo ya mbao iliteleza yenyewe mpaka ndani, ikachezacheza kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda.

"Ulipima ikiwa na moto," fundi alisema. "Chuma kikipata joto kinavimba. Kikipoa kinanywea."

Haki isemwe: alikuwa ametuambia. Nilisikia, ila sikuamini kwamba kitu kigumu vile kinavimba. Hata wakati ule, kabla ya kuona aibu, nilitamani kukipasha tena nione.

Mtani akacheka. "Ninyi Wanyamwezi kazi yenu kubeba mizigo mpaka pwani. Kupima tuachieni wenyewe."

"Na ninyi huko pwani mlikuwa mmelala, mkingoja tufike."

Akainama karibu. "Gonga vitone kwa ncha ya chuma kuizunguka shafti. Chuma kitainuka, beringi itashika. Nani atajua?"

Sisemi alikuwa mbaya. Mafundi wengi walifanya hivyo, na kazi ikatoka. Nilimtazama fundi.

"Shafti ni yako," akasema.

Nikamwendea mama, aliyeketi juu ya kreti mlangoni tangu asubuhi. "Mama, nimeikosea. Naweza kuifanya ishike, lakini sijui mpaka lini."

"Mwezi itafika?"

"Huenda ikafika. Huenda isifike."

"Mwanangu, mimi siwezi kwenda kuwaambia wale akina mama 'huenda'."

Chuma cha unene ule kilikuwa kimekwisha stoo. Vilibaki vipande viwili chini ya meza, vya mtihani wetu wa mwisho, kila kimoja na alama ya mwenyewe.

"Ukikitumia, mwaka huu hufanyi mtihani," fundi alisema. "Na mwaka ujao siwezi kukuahidi kama darasa litakuwapo."

Nikakitoa changu. Sijui kama ulikuwa wema. Nadhani niliogopa macho ya yule mama kuliko nilivyokipenda kijiji chake. Safari hii, nilipokwisha kukereza, nilikiacha chuma dirishani, nikawa nakigusa kwa nyuma ya mkono mpaka kikawa baridi kama meza, ndipo nikapima. Kilikuwa kinene kidogo. Nikapitisha kisu cha mashine mara moja, nikangoja tena. Beringi ikaingia kwa kugongwa.

Mama akaivingirisha shafti kwenye kanga, akajitwika.

"Ona," mtani akasema, "hata huyu anabeba!"

Mama mwenyewe alicheka.

Mwaka uliofuata darasa halikuwapo, wala uliofuata huo. Jiriwa zikafunguliwa moja moja, zikapelekwa kwingine. Mtani alipata cheti, na alistahili. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mimi nilikereza miaka mingi nikiitwa msaidizi. Kama najuta? Siku nyingine, ndiyo.

Jioni ya siku ile ya shafti sikumwambia mke wangu habari ya mtihani. Nilimwambia chuma kinavimba.

"Hata ugali unavimba," akasema. "Kaa ule."

Tulikula ugali wa mtama na majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga.