Mchoro wa Kreni Nilioufunga Kiunoni

Ndugu yangu unayesoma, kosa ni langu, usimtafute mwingine wa kumtupia. Niliiba! Sikuiba shaba wala mafuta. Niliiba mchoro wa kreni ya mvuke, nikamwacha mzee wa watu akipiga magoti kuutafuta. Cheka kwanza, hata mimi nacheka nikiandika, halafu unilaumu.

Mimi ni fundi katika karakana ya reli hapa Lubumbashi. Nyumbani kwangu Katuba nina garimoshi dogo, nimelitengeneza kwa mikebe ya maziwa na vibao, linakimbia juu ya meza ya chakula. Majirani wananiita "mutoto mukubwa". Waite tu! Injini ninayo, mabehewa ninayo. Kilichoninyima raha ni kreni, ile inayoinua mabehewa yaliyopinduka.

Nilivyohangaika kuipata sura yake! Kreni yenyewe ilikuwa uani kwetu kazini, miaka imelala, kamba yake ya chuma imeshatolewa. Nilipoipanda na rula, mlinzi alinishusha. Dereva mmoja mstaafu akanichorea mchangani, nikaijenga alivyochora, ikatoka twiga mgonjwa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nikaenda kwa Papa Kalenga, mzee anayetunza michoro yote ya karakana. Akanifungulia droo. Mama yangu weee! Kreni nzima, imechorwa kwa wino juu ya kile kitambaa cha zamani kilichotiwa wanga kikawa kigumu kama karatasi. Kila gurudumu, kila kapi, na jinsi kamba inavyopita kutoka kapi hadi kapi.

"Kuangalia ni bure, citoyen," akaniambia, yaani "raia", ndivyo tunavyoitana hapa. "Kutoka nayo, hapana."

Ningeweza kwenda kila mchana na penseli yangu, ninakili kidogo kidogo. Uvivu, ndugu yangu! Alipogeuka kumjibu mtu mlangoni, nikauzungusha mchoro kiunoni chini ya ovaroli. Getini mlinzi akanitazama tumbo.

"Citoyen, umenona! Bibi iko anakulisha nini?"

"Bukari na sombe, mon cher!" nikamjibu, yaani ugali na kisamvu.

Nilitembea mpaka Katuba nimenyooka kama nguzo, hata kiatu kilipofunguka sikuthubutu kuinama.

Nilijenga wiki tatu, na furaha yangu haikuwa na kipimo. Kwa kamba nilichukua uzi mweusi wa cherehani ya mke wangu, nikaupitisha kapi kwa kapi kama mchoro ulivyosema. Siku kreni ilipoinua behewa la kwanza, niliruka nikagonga kichwa mlangoni! Nikasema kesho narudisha mchoro. Kesho ikazaa kesho, mchoro ukabaki chini ya kitanda.

Ndipo mabehewa ya shaba yakapinduka kwenye njia ya Sakania. Reli ikafungwa. Chef wetu, mkuu wa karakana, akaamuru kreni ya zamani iwashwe, na kamba mpya ikapatikana. Lakini inapita wapi? Waliojua walikuwa wameshaondoka kazini. Chef akaagiza mchoro. Droo ilikuwa tupu.

"Saa kumi plan ikuwe hapa," akasema, "ao citoyen Kalenga anarudia kwake, kazi imeisha."

Chumba cha michoro hakina dirisha. Papa Kalenga alipiga magoti, akavuta droo moja moja. Na mimi je? Nisikilize vizuri. Nilimshikia tochi! Nilimwangazia atafute kitu nilichokiiba mimi!

"Aksanti, mutoto yangu," akaniambia.

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Nikarukia baiskeli, mbio nyumbani. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani.

"Ile plan ya chini ya kitanda iko wapi?"

"Ile kitambaa? Nilifula na sabuni! Nililoweka siku mbili, wanga yote ikatoka, na wino ikatoka. Ona robe ya mutoto!"

Akainua gauni la ubatizo la binti yetu. Jeupe, laini, zuri kupita kiasi! Ila mgongoni, ukilitazama juani, kulabu ya kreni ilionekana kwa mbali. Nikaangua kicheko, machozi yakinitoka.

"Uko unacheka ao unalia?"

"Yote mbili!"

Kisha nikageukia meza. Kreni yangu ilisimama pale, na uzi wake mweusi. Nikaifunga kwenye kitenge, nikaendesha baiskeli kwa mkono mmoja.

Nikaiweka mbele ya wote. "Chef, mwizi ni miye. Papa Kalenga hana makosa. Plan ilikwisha, imekuwa robe ya mutoto. Lakini kamba inapita hivi."

Chef akainama, akaufuata uzi kwa ncha ya kidole, juu, chini, mpaka kwenye kulabu. Halafu akacheka mpaka akavua miwani! Mafundi wakavuta kamba, nami nimesimama mbele yao nimeshika kreni yangu kama mtoto wa misa na mshumaa wake. Jua lilipokuwa linashuka, kreni kubwa ikapiga filimbi, ikainua mzigo wa kujaribia. Tulipiga kelele kama vichaa!

Papa Kalenga hakupiga kelele. Alinijia karibu.

"Weye," akasema taratibu, "uliniwashia torche."

Nikainamia kreni yangu, nikajifanya nanyoosha uzi.

Chef akahukumu: mchoro haupo, basi kreni yangu ishike nafasi yake. Papa Kalenga akaifunga kikaratasi chenye namba ya mchoro, akaitia kabatini, akageuza ufunguo. Wiki zangu tatu! Jumatatu nilienda kuomba msamaha, na kuitazama kidogo. Akanifungulia. Nikanyoosha mkono, akanichapa vidole kwa rula.

"Kuangalia ni bure, citoyen. Kutoka nayo, hapana."

Basi wewe uliyeficha cha watu chini ya kitanda, kirudishe leo, kabla mke wako hajaleta sabuni. Na ukimkuta asiye na kosa anakitafuta kwa magoti, usimshikie tochi. Sema!