Nimefika, Sijakubali

Mwalimu mstaafu, mjane wa fundi seremala, alifika ukumbini mapema akakaa mbele kabisa. Ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ilibandikwa ukutani, na shamba la marehemu mumewe lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu: ardhi isiyotumika. Viganja vyake vilikuwa bado na malengelenge ya kupalilia mahindi ya shamba hilo hilo.

Ofisa mipango akapitisha karatasi ya mahudhurio. "Tia sahihi tu, mama, tusichelewe."

Mwalimu aliukumbuka mkutano wa mwaka juzi. Orodha ya waliohudhuria iliambatishwa kwenye ripoti, ikaitwa orodha ya waliokubali. Jina la mumewe lilikuwa la kwanza, na hadi anazikwa watu walisema ndiye aliyeuza malisho ya kijiji.

"Shemeji, usituaibishe," mdogo wa marehemu alimnong'oneza. "Weka sahihi twende zetu."

"Aibu tulishapakwa, shemeji. Leo naiosha."

Akaandika jina lake kamili, na mbele yake, kwa mwandiko wa ubaoni: *Nimefika, sijakubali. Shamba hili linalimwa.*

"Umeharibu fomu!" ofisa alifoka. "Hapo ni pa sahihi tu!"

"Lete nyingine, mwanangu. Nitaandika hivyo hivyo."

Ofisa alitaka kuinyakua ile karatasi, lakini muuza maziwa aliyekaa nyuma ya mwalimu alishaitia mkononi.

"Mwalimu, na mimi niandike hivyo hivyo?"

"Andika, na herufi zisomeke."