Chumba cha Mabati Kilichonipeleka Balambala

Wasomaji, bado natetemeka. Mimi ni mwalimu hapa Garissa, na nyumba yangu ni ndogo. Jumamosi nilienda kuchagua chumba cha mabati kilichoundwa tayari, nikiweke uani. Nikaingia kimoja na kujifungia, nione kama mlango unabana. Kitasa kikagoma. Mara chumba kikainuliwa, kikapakiwa kwenye lori, safari ikaanza. Nilipiga kelele, lakini ngurumo ya lori ikameza sauti yangu. Ndani giza na joto la tanuri. Nikajua leo nakufa. Nikapiga magoti, nikaanza kuungama kwa sauti.

"Nisamehe, Baba! Nilimwita mwalimu mkuu mbuzi!"

Mlango ukafunguliwa. Tulikuwa tumefika Balambala, nyumbani kwa mtu aliyekuwa amekwisha kukinunua chumba hicho. Alikuwa mwalimu mkuu wangu.

"Walahi, madam," akasema, "endelea tu. Mimi nasikiliza."