Miwani yangu ya jua imeondoka na baba mkwe

Jamani, leo yamenikuta makubwa njiani Isongole.

Daktari aliniambia nivae miwani ya jua shambani, maana kinyama kimeanza kuota jichoni. Nikavaa.

Tunarudi kuvuna viazi na jirani yangu, huyo hapo baba mkwe!

Kwetu Wanyakyusa, mkwe wa kike hamtazami baba mkwe wala haongei naye. Nikainamisha kichwa haraka. Miwani nikasahau kuivua.

Mabuti yake yakasimama mbele yangu.

"Mama Tumaini," akamwambia jirani yangu, "muulize huyo. Amejificha nyuma ya miwani ili anitazame?"

Nikamnong'oneza jirani, naye akasema, "Ni jua, baba. Linamharibia jicho."

"Jua gani? Na mawingu haya?"

"Daktari kasema linapenya hata mawingu."



"Aiweke chini," akaamuru baba mkwe.

Nikaiweka kwenye nyasi, maana kumpa mkononi ni mwiko. Nikarudi nyuma, nikisubiri kuisikia ikivunjika chini ya buti.

"Hata mimi kinyama hicho ninacho," akasema taratibu. "Nilidhani ni uzee."

Mabuti yakaondoka. Miwani nayo.

Mume wangu anacheka tu. Nyie wenye wakwe, nitamdai vipi mtu nisiyeruhusiwa hata kumtazama?