Mwosha Maiti Aliyesahihisha Mchoro Wangu

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Mbwera, kule deltani, kwamba mwosha maiti wa kijiji amefariki. Nikasema innalillahi, nikamaliza chai yangu, nikafunga karakana. Sikulia, na hadi ninapoandika haya sijalia. Nasubiri nihisi kitu, hakiji.

Wasomaji wangu wa siku zote wananijua. Nilitoka Chumbi na ndala zilizoshonwa kwa waya, nikabeba mizigo Dar es Salaam, nikajisomesha mwenyewe hadi diploma ya sanaa, nikarudi kufungua karakana ya uchoraji Kibiti, kando ya barabara kuu, bila mkono wa mjomba. Kwa hiyo zahanati ya Mbwera ilipotaka picha ya mwili wa binadamu ukutani, ya kufundishia wagonjwa, haikuwa na mwingine wa kumwita. Nilinakili vitabu vya chuo: mtu mzima amesimama, kila msuli mahali pake. Siku ya tatu akapita mwosha, anatoka kwenye mpunga, tope hadi magotini. Akautazama ukuta, halafu akasema, "We Diploma, huyu mtu nimemwosha."

Nikamuuliza amemwosha nani. Akacheka, akasema mwosha hataji. Kisha akanionyesha kwa kidole: tumbo limebonyea kuelekea mgongoni, mabega yamepanda, nyayo zimelegea. "Hivi ndivyo mtu anavyokuwa akilazwa chali, roho imeshatoka. Wewe umemnyanyua tu, ukamwegemeza ukutani."

Nilimbishia, lakini jioni nilivifungua vitabu vyangu nikaona ni kweli. Chuoni tulisoma kwamba wachoraji wa Ulaya wa zamani walijifunza mwili kwa kupasua maiti mezani, kisha wakamchora mtu amesimama kama yu hai. Sisi tukanakili nakala za nakala zao, tukapewa alama nzuri. Na huku deltani palikuwa na mtu aliyewajua wafu kwa viganja vyake, bila kisu, kwa heshima, wala hakuna aliyewahi kumwita msomi.

Kesho yake alivua shati akasimama mbele yangu, uzito kwenye mguu mmoja, mkono juu ya mpini wa jembe. Nikafuta ukuta, nikachora upya kutoka kwake. Alitoa sharti moja, uso niuache bila macho, asije akaulizwa Kiyama kwa nini alisaidia kuumba sanamu. "Mengine utajibu wewe mwenye cheti," alisema.

Siku ya uzinduzi mgeni kutoka wilayani alilisifu tumbo la mchoro, akasema kama linapumua, akauliza nimejifunzia wapi. Mwosha alikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Nikajibu, chuoni. Mwosha akanitazama mara moja, akaenda zake shambani. Miaka yote iliyofuata tulisalimiana vizuri na hakuligusa jambo hilo. Picha ile imenipa kazi za zahanati na shule hadi Mbwara, nje ya delta, na kila nilikokwenda nilitoa jibu lile lile.

Jumanne hiyo boti kutoka Nyamisati ilinifikisha mapema, kabla hajaoshwa. Mwanawe mkubwa akaniita nimimine maji wakati wa kumwosha baba yake. Nikashika kata, nikamimina. Niliyoyaona pale hayaandikwi, na hilo pia nilijifunza kwake. Nilitazama kama mtu anayekagua kazi, moyo umenyamaza.

Baada ya maziko mganga wa zahanati akaniambia mbele ya watu kwamba marehemu aliipenda sana picha yangu, hakupita bila kuitazama.

"Yule wa ukutani ni yeye," nikasema. "Na aliyenifundisha kuichora ni yeye, si chuo."

Mwanawe aliinamisha kichwa, akaendelea kukung'uta udongo mikononi. Diploma yangu bado nimeitundika, niliitolea jasho. Lakini msomaji, kama kuna mtu aliyekufundisha kazi unayosifiwa, mtaje angali anasikia. Mimi nilikuwa na miaka ya kufanya hivyo, nikachagua siku ambayo masikio yake nilikuwa nimetoka kuyamwagia maji.